Matumbawe ya nyumbani: maji kwanza, chakula baadaye

Kila anayeanza kufuga matumbawe huuliza kwanza ayalishe nini na mara ngapi. Swali si baya, ila limetangulia. Matumbawe ya wanaoanza ni nadra kufa njaa. Yanakufa kwa maji yanayobadilikabadilika, au kwa chakula kilichomwagwa tangini kwa huruma kikaishia kuozea mchangani.

Tumbawe ni mnyama, au tuseme kundi la wanyama walioshikana. Kila mmoja wao, aitwaye polipi, ana mdomo mmoja tu, unaoingiza chakula na kutoa taka, umezungukwa na minyiri. Ndani ya nyama yake umejaa mwani usioonekana kwa macho, na mwani huo ukipata mwanga hutengeneza sukari na kuigawia polipi. Kwa aina nyingi mgao huo hufika hadi asilimia 90 ya nishati yote. Kwa hiyo taa yako ndiyo jiko. Iwake kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku, ikianza na mwanga hafifu unaoongezwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Tumbawe likipauka hadi mifupa myeupe ionekane chini ya nyama, limepoteza mwani wake, na mara nyingi chanzo ni joto au mwanga uliozidi ghafla. Usilikimbilie na chakula. Punguza mwanga, kisha angalia kipimajoto.

Sasa maji. Chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, joto nyuzi 25 au 26, alkaliniti (wingi wa kabonati majini, hupimwa kwa dKH) kati ya dKH 7 na 9, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,300 hivi. Ukipata alkaliniti ya 7.5 ikakaa hapo mwezi mzima, uko mahali pazuri kuliko jirani anayepata 9 leo na 7 keshokutwa. Matumbawe magumu, hasa Acropora, hujenga mifupa kwa kutoa kalsiamu na kabonati majini, na yakishakuwa mengi hushusha alkaliniti siku hadi siku. Ndiyo maana hupimwa mara kwa mara, saa ileile ya siku, na kinachopungua hurudishwa polepole, kisizidi dKH 1 kwa siku. Matumbawe laini kama Sarcophyton na Xenia hayatumii mengi. Kwa hayo, kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki hutosha.

Maji yanapopungua kwa kukauka, chumvi yote inabaki tangini. Jaziliza kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mashine ya RO (inayoondoa chumvi na uchafu), wala si maji ya chumvi. Maji ya kisima, kwa sisi wa Dar, usiyaguse: visima vingi vina chumvichumvi na mengine usiyoyajua.

Joto ni shida ya pwani. Msimu wa kaskazi chumba hupita nyuzi 30 kwa urahisi, na tumbawe haliishi mbali na kikomo chake. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe ya pwani yote ya Afrika Mashariki yalipauka. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hivi, ila maji hukauka haraka zaidi, kwa hiyo ujazilizaji uwe wa kila siku. Umeme ukikatika watu huhangaikia taa. Taa inaweza kungoja hata siku mbili. Mzunguko wa maji haungoji, kwani oksijeni huisha kwa saa chache, na pampu ya hewa ya betri ni ya kununuliwa kabla ya tumbawe lolote.

Tukishafika hapa, tulishe. Matumbawe laini karibu hayahitaji kulishwa kwa mkono, kwani taka za samaki na mwanga vinayatosha. Euphyllia na wenzake wenye polipi kubwa hufurahia vipande vidogo vya kamba mbichi asiye na chumvi, mara moja au mbili kwa wiki. Uduvi mkavu wa sokoni uache uliwe na watu. Una chumvi na mchanga. Chakula kilichogandishwa kiyeyushe, ukisuuze kwenye kichujio cha chai, maji yake yamwage: yamejaa fosfeti, kirutubisho kinachochafua maji kikizidi.

Anayekufundisha kulisha kwelikweli ni Tubastraea, yule wa rangi ya chungwa anayeota chini ya miamba yenye kivuli. Hana mwani ndani yake, kwa hiyo usipomlisha, hali. Usiku, taa zikishazimwa, dondosha juu yake matone machache ya maji yaliyolowekewa kamba, usubiri. Baada ya dakika kumi na kitu minyiri ya njano huanza kuchomoza. Zima pampu. Vuta chakula kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, lenye kipande cha mpira mwembamba mbele, na uweke punje moja juu ya kila mdomo bila kusukuma kwa nguvu. Minyiri hukunja, mdomo hupanuka, punje inazama. Kamba wasafishaji wanalijua hilo kuliko wewe na watakuja kuchomoa chakula mdomoni, kwa hiyo washibishe wao kwanza. Kisichomezwa baada ya nusu saa kinyonywe kitoke. Washa pampu. Binafsi simshauri mtu wa mwaka wa kwanza kumnunua, kwani kazi hii ni ya kila siku mbili tatu na kila polipi inataka haki yake.

Kosa la upande wa pili ni kusafisha mno. Naitreti (inayotokana na taka na chakula kilichooza) na fosfeti zikifika sifuri matumbawe hufifia. Naitreti ya miligramu 2 hadi 10 na fosfeti ya 0.03 hadi 0.1 kwa lita ni sawa kabisa.

Kuhusu Palythoa na jamaa zake, wanyama wa jamii ya matumbawe wanaofugwa pamoja nayo, niseme bila kuzunguka: baadhi yao wana palitoksini, sumu kali sana. Vaa glavu na miwani unapowakata, usiwasugue kwa mswaki nje ya maji, na jiwe lenye wao lisichemshwe kamwe, maana watu wamelazwa hospitali kwa mvuke wake.

Wala usivunje tumbawe kutoka baharini. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, hapa Dar, ni hifadhi tangu 1975, na matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Mwombe mfugaji mwingine akukatie kipande cha Sarcophyton. Likague tangi kwanza: amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na taka, ziwe sifuri, jambo linalochukua wiki nne hadi sita. Kisha kiloweke kipande kwenye dawa ya kuua wadudu wa matumbawe, kigundishe kwenye jiwe karibu na sakafu, na usikisogeze kwa wiki mbili hata kikijikunja.