Kuifunga Safari Ndefu ya Boti ya Matanga Mkiwa Mke na Mume

Wanaojiandaa kutoka huulizia nanga, ramani, akiba ya maji na dawa ya kichefuchefu. Ni nadra mtu kuuliza namna ya kumaliza. Nawaandikia ninyi mlio wawili chomboni, mnaorudi kutoka safari yenu ya kwanza ndefu au mnaopanga kutoka mwakani, maana mwisho wa safari una kazi zake, na kazi hizo huanza mkiwa bado mbali na nyumbani. Mimi na mume wangu tulitoka Tanga na boti ya fiba ya futi 34, yenye mlingoti mmoja. Tukashuka Mafia na Mikindani, tukavuka kwenda Komoro, Mayotte na Nosy Be kule Madagaska, kisha tukarudi Tanga.

Kwanza majira. Kurudi kaskazini kunabebwa na kusi, upepo wa kutoka kusini, na kusi haikai mwaka mzima. Kuanzia Oktoba inalegea, yanakuja maleleji, pepo zisizotulia za kati ya majira, halafu kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inashika na mtakuwa mnapigana na pepo za omo, yaani za mbele ya chombo, siku kucha. Nyuma yenu nako msimu wa vimbunga unafunguka: upande wa Madagaska na Komoro ni Novemba hadi Aprili. Kimbunga Chido kiliipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, na boti nyingi zilizokuwa zimetia nanga ndani ya tumbawe la kisiwa kile zilizama au zikatupwa nchi kavu. Kwa hiyo ng'oeni nanga Nosy Be kusi ikiwa bado na nguvu, hata kama mahali penyewe pamewapendeza na samaki ni bei ya chini.

Ila msichanganye majira na tarehe. Jamaa nyumbani wapeni majira: "mwishoni mwa mwezi wa tisa, Mungu akipenda," basi. Mkishawatajia Jumamosi, kuna shangazi atakata tiketi ya basi kutoka Arusha na kuna mtu atanunua mbuzi. Simu ya "mmefika wapi?" itawasukuma mfungue tanga pale mlipopaswa kulipunguza.

Kutoka Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, hadi Tanga ni zaidi ya maili 400 za baharini. Kusi ikiwa nyuma ya bega, boti kama yetu huchukua siku nne hivi. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu usiku wa mwisho wa njia hii unataka subira kuliko usiku mwingine wote. Kwenye maji ya kina mna nafasi. Mkikaribia nchi, nafasi inakwisha: kuna ngalawa zisizo na taa, nyavu, majahazi yanayokwenda Pemba, meli za Dar na Mombasa, na mwamba. Juu ya hayo kuna mkondo. Mkondo wa pwani yetu hukimbilia kaskazini, na wakati wa kusi huweza kufika noti 4, yaani maili nne za baharini kwa saa. Ukilala nao, asubuhi utaamka umeshaipita bandari na itabidi ubishe, yaani upinde huku na huku dhidi ya upepo, ili kurudi.

Sisi tulipita kati ya Unguja na Pemba jua likizama, taa ya Nungwi ikiwaka mkono wa kushoto. Hesabu ilionyesha tungefika Tanga usiku wa manane. Tukakunja tanga kubwa likabaki kipande, tukalivutia tanga la mbele upande wa upepo na kufunga usukani kinyume chake, boti ikasimama ikipumua taratibu juu ya mawimbi. Mahali pa kusimama pia pana maana. Kaeni kusini ya mlango mnaoutaka, kamwe msikae mbele yake, na muwe mbali na nchi, ili mkondo ukiwapeleka usiku kucha uwe unawapeleka mnakokwenda. Mume wangu akalala. Mimi kila robo saa nazungusha macho pande zote, natazama jipiesi, naandika mahali tulipo kwenye daftari kwa penseli. Hakuna lililotokea, na ndivyo usiku wa mwisho unavyotakiwa kuwa.

Kulipokucha tuliuona mnara wa Ulenge na kisiwa cha Yambe. Kwa anayetoka mashariki kuingia Tanga, asubuhi ndiyo saa yake: jua liko mgongoni na maji yanajieleza yenyewe, buluu iliyokoza ni kina, kijani ni maji madogo, kahawia ni mwamba. Baada ya adhuhuri jua linakupiga usoni na bahari yote inakuwa kioo. Tulipandisha bendera ya manjano, ya chombo kinachoomba ruhusa ya kuingia nchini, tukaita bandari kwa redio, tukasubiri watu wa afya, uhamiaji na forodha. Kibali cha kuondoka bandari ya mwisho kiwe juu kabisa ya mafaili, na nakala zake mzitoe huko huko mnakotoka.

Sasa la ninyi wawili. Mke na mume wanaweza kutia nanga pamoja na bado wasiwe wamemaliza safari siku moja. Mmoja hutangulia. Mume wangu alikuwa amemaliza tangu Nosy Be; mawazo yake yalikuwa shambani Muheza, kwenye michungwa. Mimi moyo wangu ulikuwa bado majini. Jioni moja Mutsamudu, bandari ya Nzwani huko Komoro, tumekaa shetri, nyuma ya chombo, na chai, akaniambia, "Mama, mimi nimeshafika." Nikamjibu, "Mimi bado, baba." Hatukugombana, kwa sababu lilisemwa mapema. Tukapatana: kuanzia pale mpaka nanga ya Tanga, uamuzi wa chombo ni wangu, na mambo ya nchi ni yake, yaani simu, fundi, fedha, orodha ya vitu vya kununua. Anayetamani kufika ana haraka, na mwenye haraka asipewe usukani. Kama kwenu aliyetangulia ni mke, pangeni vivyo hivyo. Yaulizaneni haya mkiwa nangani na tumbo limeshiba. Katikati ya zamu ya usiku, mmoja amelowa na mwingine amekatizwa usingizi, mtasikia maneno msiyoyataka.

Nchi kavu nayo ina mtihani wake. Mwili unaendelea kuamka kila baada ya saa tatu kwa zamu isiyokuwepo, usiulazimishe, utazoea. Kubwa zaidi ni kwamba mmeishi mahali ambapo mwenzako hakuwa mbali zaidi ya hatua kumi, na ghafla mnatenganishwa. Wageni wakija, wanaume hukaa na mume barazani wakisikiliza habari za bahari, na mke yuko uani na sufuria. Wanaume, nawaomba kwa dhati: itajeni kazi ya mwenzenu mbele ya watu. Mume wangu alipoulizwa usiku ule tulipitaje, alisema, "Nilikuwa nimelala, ngojeni mwenyewe aje awaeleze," akaja kuniita. Jambo hilo nililithamini kuliko karamu nzima. Na ile saa mliyokuwa mkipokezana zamu, itunzeni. Sisi jioni tunakaa wawili tu, chai mkononi, hata nyumba ikijaa watu.

Boti isingoje mpaka mmalize kusalimia. Ipandisheni nchi kavu kwenye bamvua ya karibu, maji yanapojaa sana, na siku hiyo hiyo, chini kukiwa bado kumelowa, kwangueni mwani na vijikombe, vile viumbe vya gamba gumu, vilivyoganda. Vikikauka vitataka patasi. Osheni chumvi kila mahali kwa maji yasiyo na chumvi, na injini nayo mpitishie maji hayo hayo. Matanga yashusheni, yakauke kabisa kabla ya kukunjwa. Tangi la dizeli lijazeni, kwa sababu tangi tupu hutoa jasho ndani na maji huingia kwenye mafuta. Magodoro yasimamisheni wima, milango ya makabati na friji iacheni wazi, la sivyo masika ikipita mtakuta koga mpaka kwenye kurasa za vitabu. Hakikisheni matundu ya kutolea maji ya mvua hayajaziba, kisha mlipeni mtu mmoja, kwa mapatano ya maandishi, awe anapanda kukagua ngama, maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo, baada ya kila mvua kubwa. Fanyeni kazi hii wawili, msimwachie mmoja. Kila kasoro mliyokuwa mkiivumilia baharini, kapi linalolia, pampu inayokataa asubuhi, iandikeni sasa, maana baada ya wiki chache itasahaulika.

Kuhusu kuuza, nasema subirini. Mwezi wa kwanza uchovu ndio unaosema, na mnunuzi wa haraka anaujua uchovu huo. Pisheni kaskazi nzima kwanza. Wakati huo wekeni hesabu ya kila mwezi ya mlinzi, mahali pa kuegesha, kamba na betri, ili siku ya kuamua mwe na karatasi mezani. Na mkiamua kubaki nayo, rangi ya chini ya boti, ya kuzuia mwani, iagizeni kabla masika haijaisha, maana mjini Tanga haipatikani kila siku na kutoka Dar au Mombasa inaweza kuchelewa mpaka bamvua nzuri ikawapita.