Ekseli ya nyuma ya MGB ya 1965: ipi ya kiwandani?

Umetuma picha ya ekseli ya nyuma ya MGB yako ya wazi ya 1965 (gari la michezo la Kiingereza), ukiuliza kama ni ya kiwandani. Hiyo ya pichani siyo ya kuzaliwa nayo. MGB ya wazi ya 1965 ilitoka kiwandani na ekseli ya banjo: mgongo wake ni mviringo laini, hauna mfuniko wa bolti, na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) hutolewa kwa mbele baada ya kuchomoa shafti za magurudumu. Yako ina mfuniko wa chuma uliofungwa bolti nyuma na mirija miwili iliyoingizwa kwenye kasha la kati. Hiyo ni ekseli ya aina ya Salisbury. GT, yaani MGB yenye paa gumu, ilianza nayo 1965, za wazi zikafuata kufikia 1967.

Uwiano wa gia za ekseli hautakusaidia kuzitofautisha, zote ni 3.909, meno 43 kwa 11. Ila upime hata hivyo, maana huenda mtu alibadilisha krauni na pinioni, gia mbili zinazotoa uwiano huo: gia huru, inua gurudumu moja tu, lizungushe mara 2, propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi hadi ekseli) izunguke karibu mara 3.9.

Angalia pia upana. Ekseli ya rimu za spoku ni fupi kuliko ya rimu za kawaida. Ukichanganya, tairi husugua madigadi.