Pumzi ndiyo inayosimulia: maswali yenu kuhusu gemu za chini ya bahari

Safu iliyopita niligusia gemu za kuruka na kukwepa zinazochezwa chini ya bahari, na namna zinavyosimulia kisa, hasa kwa pumzi ya anayechezwa. Sikutegemea maswali mengi hivi. Nimechagua haya, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mwanangu wa miaka kumi anacheza gemu ya zamani ya pomboo kwenye simu ya baba yake. Pomboo huyo ana alama kama nyota kichwani. Maandishi yote ni Kiingereza, naye Kiingereza bado hakijamkaa. Anaambulia hadithi au anabonyeza tu? (Mama wa Mbagala)

Anaambulia, mama. Kwa alama hizo za kichwani, ambazo ni tano, hiyo ni Ecco the Dolphin, iliyotoka mwaka 1992 kwa ajili ya mashine za gemu za Sega. Waliitengeneza kampuni ya Novotrade ya Hungaria, na aliyeibuni ni Ed Annunziata. Siku moja kaa kando yake umtazame anavyoianza. Kuna ghuba tulivu, maji ya buluu, pomboo wenzake wanazunguka. Hakuna adui, wala mshale wa kuonyesha njia. Mwenzake mmoja anamuuliza anaweza kuruka juu kiasi gani, basi. Mtoto ataogelea huku na huko mpaka achoke. Halafu atashuka chini, achukue kasi, aruke mpaka angani kabisa, na hapo ndipo tufani linapofyonza kila chenye uhai ghubani. Samaki wote, ndugu zake wote. Anarudi majini peke yake.

Mtoto ameruka kwa furaha, na palepale amepotelewa na ukoo mzima. Kitufe cha mlio, ambacho muda mfupi nyuma kilimfanya aongee na wenzake, sasa hakimpati mtu. Jambo hilo halihitaji kamusi. Amelitenda kwa kidole chake mwenyewe, na ndiyo maana litamkaa moyoni kuliko kama angesomewa.

Pale maandishi yanapobana, msaidie kwa maneno machache tu. Mwambie kuna nyangumi mkongwe kwenye barafu atakayemwelekeza kwa Asterite, kiumbe kongwe kuliko wote baharini. Na waliochukua ndugu zake ni Vortex, viumbe wa sayari nyingine wanaokuja kuivuna bahari ya dunia kila baada ya miaka 500. Yaliyobaki mwachie, atayaona.

Gemu za aina hii si zile za kurukia vibao na matofali? Majini vibao vya nini, wakati mtu anaelea? (Msomaji wa Ubungo)

Umeuliza vizuri. Nchi kavu, gemu hizi zinaishi kwa kuanguka: unaruka, mvuto unakurudisha, kibao kinakupokea. Majini kuanguka kunakwisha, kwa hiyo watengenezaji hutafuta kitu kingine cha kukubana. Wengine huweka mkondo unaosukuma, wengine dari la pango, wengine miiba ya matumbawe. Kibao kinageuka kuwa mlango mwembamba. Unachohesabu si umbali wa kuruka tena, ni muda wa kupita.

Kwa nini Mario anakaa chini ya maji atakavyo na Sonic anakufa maji? Wote si mastelingi wa gemu? (Wanafunzi wawili wa Tabata, swali moja)

Swali hili nimelipenda kuliko yote, maana mmegusa kiini. Katika gemu za majini msimulizi mkuu ni pumzi. Angalia pumzi inavyohesabiwa, utajua kisa ni cha nani na kinahusu nini.

Super Mario Bros. ya mwaka 1985 haihesabu pumzi kabisa. Mario anashuka kwenye bomba, na kila ukibonyeza anapiga hatua moja ya kuogelea. Kinachomwishia ni saa ya kawaida ya gemu, ileile ya nchi kavu. Lakini amenyang'anywa silaha yake kubwa: majini hawezi kukanyaga kichwa cha adui. Ngisi weupe wanamjia kwa kushtuka-shtuka, naye anakwepa tu. Muziki aliotunga Koji Kondo unakwenda kwa mapigo matatu matatu, wa kubembea, kama mtu anayeota. Hapo maji ni ugenini. Mario ni mgeni mpita njia, na bahari haimdai kitu.

Sonic wa mwaka 1991 ni kalunguyeye ambaye sifa yake yote ni mbio. Mtumbukize kwenye Labyrinth Zone, hatua iliyofurika maji, na maji yanamnyang'anya mbio kwanza, halafu yanaanza kumnyang'anya pumzi. Muziki unabadilika, unakimbia kuliko anavyoweza kukimbia yeye, na tarakimu zinatokea kichwani pake zikishuka: tano, nne, tatu. Wokovu wake ni kiputo kikubwa kinachofuka kutoka sakafuni, na kiputo hakiji kwa haraka yako. Hicho ni kisa kizima kuhusu mwenye haraka aliyelazimishwa kusubiri, na hakina sentensi hata moja.

Mwaka jana nilikaa kwenye kibanda kimoja cha gemu Magomeni, nikamtazama kijana wa kama miaka kumi na miwili akiicheza hatua hiyo. Tarakimu zilipoanza kushuka alinyamaza. Mashavu yalijaa, mishipa ya shingo ikasimama, vidole gumba vikawa vyeupe kwenye padi. Sonic aliponasa kiputo kwenye moja, kijana naye akashusha pumzi, ndefu, mpaka wenzake waliokuwa benchi wakamgeukia. Hakujua kwamba alikuwa ameibana. Mwili wake ulikuwa umeshaingia kwenye hadithi.

Kisha kuna Super Mario 64 ya mwaka 1996, ambayo ilifanya jambo zuri sana: uhai na pumzi ni kipimo kimoja. Ukikaa chini uhai unapungua, ukiibuka juu ya maji unapona. Mtoto anajifunza kuyatazama yale maji ya juu yanayong'aa kama mtu anavyoutazama mlango wa nyumbani.

Na Ecco? Yeye kwangu ndiye kilele. Pomboo ni mwenyeji wa bahari, lakini hana matamvua, anavuta hewa kama sisi. Ana kipimo cha uhai na kipimo cha pumzi, viwili tofauti. Samaki anaowala wanamrudishia uhai, ila hewa lazima aifuate juu au kwenye mifuko ya hewa iliyojificha mapangoni. Ukiingia kwenye mapango yale ya mwanzo, dari limefunga, unaanza kugonga kuta ovyo. Mfa maji haachi kutapatapa. Mchezaji anatapatapa kweli, si kwa kuambiwa.

Mbona kila gemu ya baharini kuna mtu amepotea? Hakuna kisa kingine? (Msomaji wa Kinondoni)

Visa vingine vipo, ila hiki kinarudi kwa sababu. Nchi kavu aliyeondoka anaacha nyayo. Baharini hakuna nyayo. Maji yanajifunga nyuma yake, na mwambao mzima wa kwetu unajua maana ya kusimama ufukweni ukitazama tanga ambalo halionekani. Kwa hiyo mtengenezaji akitaka mchezaji ashuke kwenye giza ambalo hakuna mwenye akili angeshuka, anampa mtu wa kumtafuta.

Tofauti iko kwenye nani kapotea. Kwa Ecco ni ukoo. Katika Song of the Deep ya mwaka 2016, msichana Merryn anaunda nyambizi ndogo kwa mabaki ya vyuma ili amtafute baba yake mvuvi. Naipenda picha hiyo ya mtoto na vyuma chakavu, ingawa sauti ya msimulizi inaongea hata pale ambapo macho yameshaelewa. Aquaria ya mwaka 2007, iliyotengenezwa na watu wawili, Alec Holowka na Derek Yu, inakwenda mbali zaidi: aliyepotea ni Naija mwenyewe. Hajui ametoka wapi. Anaimba, na nyimbo nyingi anazozipata zinambadilisha umbo, kwa hiyo kila wimbo wa namna hiyo ni kipande cha nafsi anachookota. Ukicheza gemu moja tu mwaka huu kwa ajili ya hadithi, cheza hiyo.

Na msidhani jambo hili ni la ugenini. Kumbukeni ngano ya kima na papa. Kima yuko juu ya mgongo wa papa, katikati ya bahari, ndipo anaambiwa kwamba sultani wa huko wanakokwenda anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kwa nini asiambiwe pale mtini? Kwa sababu mtini angekimbia. Kisa kinageuka pale ambapo haiwezekani kushuka. Watengenezaji wa gemu za majini wanalijua hilo: habari mbaya wanaitunza mpaka uwe mbali na hewa.

Nimecheza ABZÛ. Hufi, pumzi haiishi, hakuna neno hata moja. Umesema pumzi ndiyo msimulizi. Sasa hapo? (Msomaji wa Mikocheni)

Umenibana, na umenibana kwa haki. Safu iliyopita sikuigusa ABZÛ, iliyotoka mwaka 2016 chini ya uongozi wa Matt Nava. Watengenezaji wake waliiondoa hofu ya pumzi kwa makusudi, ili macho yako yaachwe huru. Unaweza kuketi juu ya sanamu, ukatulia, ukafuata kwa macho samaki mmoja baada ya mwingine, samaki wa kweli wanaojulikana kwa majina. Hadithi imehamia kwa papa. Mara ya kwanza anatokea kama tishio. Baadaye unamkuta ameumia, na moyo wako unageuka bila mtu kukuelekeza. Kuiondoa pumzi nako ni kauli: hapa huna deni na bahari. Lakini kauli hiyo inasikika kwa sababu miaka mingi tulizoea kudaiwa.

Kwa nini bosi, yule adui mkubwa wa mwisho wa hatua, anakufa kwa mapigo matatu? (Msomaji wa Temeke)

Ni desturi tu, na wapo wasioifuata. Pigo la kwanza unajifunza, la pili unahakikisha, la tatu unamaliza. Bibi zetu nao waliwapitisha mashujaa wao milango mitatu.

Shikamoo. Mimi ni fundi simu, najifunza kutengeneza gemu usiku kwa kutumia programu ya Godot. Nataka kutengeneza ya pomboo wa bahari yetu, hapa Dar. Nianzie wapi ili isiwe nakala ya Ecco? (Kijana wa Kigamboni)

Marahaba, kijana wangu. Umenifurahisha kweli. Anzia na kitu ambacho wenzako wa Ulaya na Japani hawajakitumia vya kutosha na wewe unakiona kila siku unapovuka na kivuko: maji kujaa na kupwa. Mara mbili kwa siku bahari ya hapa inapanda na kushuka, na siku za bamvua tofauti ni kubwa hasa. Tengeneza hatua moja, iwe na nyuso mbili. Maji yakijaa, pomboo wako anapita juu ya mwamba bila wasiwasi. Yakipwa, palepale pamekuwa vidimbwi, na njia yake ya kurudi imefungwa. Weka na fungu la mchanga, kama Fungu Yasini ambalo jina lake lenyewe linajieleza, liibuke na kuzama. Hapo huhitaji saa kwenye kona ya kioo. Mwezi ndio saa yako.

La pili ni sauti. Pomboo anaona kwa mwangwi. Wewe unaijua habari ya uvuvi wa baruti uliopasua matumbawe yetu, pamoja na kwamba sheria inaukataza. Mfanye mchezaji ajenge ramani yake kwa mlio, taratibu, pango kwa pango. Kisha kishindo kimoja, kioo kikawa cheupe, na ramani yote ikafutika. Mlio haurudi. Usiandike chochote juu ya ubaya wa baruti. Mwache aogelee kiziwi kwa muda, huku pumzi inashuka.

La tatu, usitafute kiumbe mkongwe wa kubuni wakati tunaye wa kweli. Silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha pamoja na dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, anaishi kwenye kina kirefu cha pwani yetu. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu, na Tanga kuna hifadhi yenye jina lake. Mweke mwisho kabisa, chini ambako mwanga haufiki, asiseme neno. Mapezi yake ya nyama yanakwenda kama mtu anayetembea polepole gizani. Ukiyachora vizuri hayo yatatosha.

Na kazi ya kesho asubuhi: nenda ufukweni maji yakipwa, na daftari si simu. Chora vidimbwi jinsi vilivyo, kipi kinaunganika na kipi kimejitenga. Subiri maji yarudi, uandike kipi kilijaa kwanza. Hiyo ndiyo ramani ya hatua yako ya kwanza. Ikishachezeka, niandikie, nitavuka nije kuijaribu.