Mwanangu, ile karatasi ya mshauri haina siku

Marahaba mwanangu. Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara mbili, ile unayoniuliza "mama, mshauri wa ajira nimemwona mara tatu, mpango tumeuandika vizuri kabisa, mbona wiki ya sita sasa sijafanya hata kimoja, ni uvivu au nimechagua njia isiyo yangu?" Nilitaka nikupigie saa ileile nikaona bora niandike, utaisoma taratibu.

Uvivu sio. Mvivu halali macho saa nane usiku anawaza kazi. Na njia nayo sioni shida, mtu ukikuuliza habari za ugavi unaongea mpaka unasahau kula, hilo nimeliona toka uko fildi.

Sasa ile picha ya karatasi uliyonitumia nimeikuza nikaisoma yote, imeandikwa kuboresha sivii, kutafuta kozi fupi, kuongea na watu wa fani, basi. Siku haipo, saa haipo. Kila ukiiangalia inabidi uanze upya kuamua leo nifanye nini, na ukitoka kazini umechoka huamui chochote, unaikunja unasema kesho. Kuna mwanasaikolojia Mjerumani, Peter Gollwitzer, mwaka 1999 aliandika kwamba mtu akijipangia kabisa "ikifika saa fulani, nikiwa mahali fulani, nitafanya hiki", mara nyingi anatekeleza kuliko yule anayeishia kusema nimekusudia. Kwa hiyo usiandike kuboresha sivii, andika Jumamosi nikishaoga, kabla sijashika simu, nakaa naandika zile kazi za stoo nilizofanya, mistari mitano tu. Ukimaliza funga, nenda kapumzike.

Ila mimi nadhani kinachokukwamisha hasa ni hilo la tatu, kuongea na watu. Unaona aibu. Nakuelewa kwa sababu nilipopunguzwa kazini, wewe uko darasa la tatu, na mimi nilishauriwa hivyohivyo, nikawa na namba ya mama mmoja tuliyesoma naye kozi, nikakaa nayo miezi minne sijapiga, najiambia ngoja kwanza nimalizie cheti nisije nikaonekana naomba omba. Siku napiga akaniambia jamani nafasi ilikuwepo, imejazwa mwezi uliopita. Hiyo sentensi naikumbuka mpaka leo mwanangu. Lakini simu hiyohiyo akanitajia ofisi nyingine, na ndiko nilikopata, na huyo mama tulikuwa hatujaonana karibu miaka miwili.

Baadae ndio nikaja kusoma kuhusu Mark Granovetter, mtaalamu wa mambo ya jamii wa Marekani, aliandika mwaka 1973 kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, akawauliza mlikuwa mnaonana naye mara ngapi, waliosema mara nyingi ni kama asilimia 17 tu, wengine wote walikuwa wanaonana kwa nadra au mara mojamoja. Ukifikiria inaeleweka, marafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, huyu wa mbali ndio anasikia usiyoyasikia. Kwahiyo usijione unamsumbua mtu kwa vile mmepoteana.

Halafu rudi kwa mshauri. Najua unamkwepa kwa sababu huna cha kumwonyesha, wengi wanapotelea hapo hapo, mtu anasema nitarudi nikiwa nimefanya, hafanyi, harudi. Nenda hivyohivyo mikono mitupu umwambie nilikwama hapa na hapa, hiyo ndio taarifa anayoihitaji ili abadilishe mpango, yeye hakupi maksi. Mwombe mpange kabisa tarehe ya kuonana tena kabla hujatoka.

Na kitu kingine, usihesabu majibu. Majibu hayako mikononi mwako, unaweza kutuma maombi kumi ukanyamaziwa kote na sivii yako ikawa haina kosa lolote. Hesabu ulichotuma, watu uliowatafuta, masaa uliyokaa. Hivyo ndivyo nitakavyokuuliza kila Jumapili saa mbili usiku, habari ya umeitwa intavyu au hujaitwa sitaigusa, ukiitwa utaniambia mwenyewe.

Anza na yule dada mliyekuwa naye fildi. Meseji yake iandike leo, nitumie kwanza niisome, nikikwambia iko sawa unaituma hapohapo.

Mama yako