Mpiga gitaa wangu ni Mbaraka
Mkuu umeuliza mpiga gitaa gani tunampenda na kwa nini, mimi ni Mbaraka Mwinshehe bila kuwaza mara mbili. Jamaa anaimba huku solo, lile gitaa linaloongoza, anacharaza mwenyewe, akinyamaza gitaa linamjibu kama watu wawili wanapiga stori, halafu 1979 ajali ya gari huko Kenya ikamchukua bado kijana, inauma mpaka leo. Mzee wangu hapa Majengo Dodoma solo likianza redioni anaacha kula kabisa, vidole vinagonga ukingo wa sahani ya ugali. Anayefuata Franco wa OK Jazz, bendi ya Kongo, alipiga kwa dole gumba na kidole kimoja tu lakini sebene, ile sehemu ya gitaa la kuchezea, linakuinua kwenye kiti. Ila anza kumsikiliza Mbaraka akiwa na bendi yake ya Morogoro Jazz, tena kwa spika siyo simu.