Spika bila ekwalaiza yake: "nimekuuzia zilivyo" inamwokoa muuzaji?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Nimenunua spika mbili zilizotumika, Bose 901, kwa bei ya juu. Muuzaji alisema ni nzima, akaongeza: "Nakuuzia zilivyo, hakuna kurudisha." Amplifaya yangu ilichelewa, nikazijaribu baada ya wiki mbili. Besi hakuna. Fundi akaniambia zina ekwalaiza yake, yaani kifaa cha kurekebisha sauti, nami sikupewa wala sikujua kuwa ipo. Siku hiyohiyo nikampigia muuzaji. Akakiri kuwa iliungua akaitupa, lakini pesa harudishi. Rafiki yangu ananishauri nizisukume kwa mtu mwingine, nami ninyamaze. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ilinibidi niwaulize mafundi kwanza, maana hukumu inategemea kifaa hicho kina kazi gani. Spika hizi zilianza kuuzwa mwaka 1968. Kila moja ina koni tisa: moja inatazama mbele, nane zinatazama ukutani. Zote ni za aina moja, hakuna kubwa ya besi wala ndogo ya sauti kali, na ekwalaiza ndiyo inayonyanyua besi na sauti za juu. Basi hiyo si pambo. Wanazuoni wa Kishafii wamesema kuwa ukiuza nyumba yenye kitasa kilichopachikwa mlangoni, ufunguo wake unaingia katika mauzo hata usipotajwa. Hiyo ndiyo kauli sahihi zaidi kwao. Ekwalaiza ni ufunguo wa spika hizi. Ingekuwa umekosa kitambaa cha mbele, nawe ulikiona hakipo ukalipa, nisingekuwa na la kukutetea.

Kwa hiyo ulichouziwa kina kasoro, na muuzaji aliijua. Uqba bin Amir amepokea kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba si halali kwa Mwislamu kumuuzia nduguye kitu chenye kasoro bila kumbainishia. Neno "zilivyo" si kubainisha. Abdullah bin Umar, sahaba aliyesifika kwa uchamungu, alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kwamba asidaiwe kasoro yoyote. Mnunuzi akamshitaki kwa Khalifa Uthman. Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuijua kasoro ile. Akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake. Sharti, basi, halikumfaa mbele ya kasoro inayojulikana, naye ni Ibn Umar! Na kwa Mashafii, katika bidhaa isiyo mnyama, sharti hilo halimtoi muuzaji katika dhamana hata kama kasoro hakuijua.

Una haki ya kuzirudisha na kupewa pesa yako yote. Siku ulizozisikiliza kabla ya kujua hudaiwi kodi, kwa sababu zingeharibika mkononi mwako hasara ingekuwa yako. Ndiyo maana ya hadithi ya Bibi Aisha kwamba manufaa yanafuata dhamana. Ila acha kuzitumia leo. Kuendelea kuzipiga baada ya kujua kunahesabiwa kuwa umeridhika, na hapo haki inakuponyoka. Umefanya vyema kumpigia siku ileile, kwani kwa Mashafii kurudisha hakucheleweshwi.

Ukipenda kubaki nazo, Mashafii wanasema ama urudishe, ama uzichukue kwa bei ileile, isipokuwa mkikubaliana vingine. Mahanbali, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Ahmad bin Hanbal, wanakuruhusu kudai fidia ya kasoro: zikiwa kamili thamani yake ni kumi, bila ekwalaiza ni saba, unarudishiwa sehemu tatu za kumi ya bei uliyolipa. Mkipatana hivyo, hakuna ubaya. Lakini kabla hujakubali, hakikisha ekwalaiza inapatikana, tena ya toleo lako, kwa maana matoleo ya spika hizi hayakutumia ekwalaiza moja.

Rafiki yako usimsikilize katika hili. Nimesikitika kuona aliyeumizwa akishauriwa amuumize mwenzake ambaye hata hamjui. Ukiamua kuziuza, sema kwa mdomo wako: ekwalaiza haipo, na bila hiyo besi haitoki. Hakim bin Hizam amepokea kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha na kusema uongo, baraka hiyo hufutwa. Bei itashuka, najua. Kwa hiyo kabla hujaziuza, mdai kwanza haki yako aliyekuuzia, na akikataa, mpeleke kwa kadhi au kwa wazee mnaowaheshimu nyote wawili, maana amekwisha kukiri.

Wallahu a'lam.