Steinbeis: Mtumishi wa Serikali Aliyekuza Ufundi Württemberg

SWALI: Ninasomea ualimu wa ufundi stadi. Katika somo la historia tumetajiwa Ferdinand Steinbeis, mtumishi wa serikali wa Ujerumani aliyekuza kazi za mikono, lakini hatukuelezwa kazi yake ilikuwa ipi hasa. Je, alikuwa akitoa mikopo, akitunga sheria au akifundisha?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, kazi yake kuu ilikuwa kuwafikishia mafundi maarifa na vifaa ambavyo wasingeweza kuvifuata wenyewe, na aliiweza kwa sababu alikuwa mtu wa karakana kabla ya kuwa mtu wa ofisi. Alizaliwa mwaka 1807 huko Ölbronn, akiwa mtoto wa mchungaji. Akajifunza kazi ya migodi na uyeyushaji wa chuma tangu ujana, akasoma Chuo Kikuu cha Tübingen, kisha akasimamia viwanda vya chuma kwa miaka mingi, cha mwisho kikiwa cha ndugu wa ukoo wa Stumm huko Neunkirchen.

Mwaka 1848 aliitwa Stuttgart kuwa mshauri wa kiufundi katika idara mpya ya serikali iliyoshughulikia ufundi na biashara, ambayo baadaye aliiongoza. Ufalme wa Württemberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo, ambao mji wake mkuu ulikuwa Stuttgart, wakati huo ulikuwa na shida kubwa: haukuwa na makaa ya mawe, mashamba yalikuwa yamegawanywa vipande vidogo kwa urithi, na njaa ya miaka ya 1846 na 1847 ilikuwa imewasukuma wengi kuhama. Steinbeis aliona kwamba nchi ya namna hiyo itaishi kwa ustadi wa watu wake. Alipohudhuria Maonesho Makuu ya London mwaka 1851, alinunua bidhaa na vifaa vya kigeni na kuvipeleka kwenye ghala la sampuli mjini Stuttgart, ili fundi aweze kukiangalia kitu chenyewe kwa karibu, achunguze kilivyoungwa na kumaliziwa, badala ya kusimuliwa tu.

Ufadhili nao ulikuwepo, ila ulilenga mtu na ujuzi wake. Mfano unaojulikana zaidi ni Gottlieb Daimler, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa magari ya injini, na wakati huo alikuwa amehitimu uanagenzi wa kutengeneza bunduki. Kwa msaada wa Steinbeis alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha Grafenstaden, karibu na Strasbourg, na baadaye akapata nafasi ya kujifunza Uingereza.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, shule za kujiendeleza kwa mafundi zina uzito zaidi kuliko jina la Daimler, na kwako wewe mwalimu mtarajiwa hapo ndipo pa kutazama. Zilifundisha jioni na Jumapili, mwanagenzi akiwa bado yuko kazini kwa bwana wake, na uchoraji wa kiufundi ulipewa nafasi kubwa, kwa kuwa fundi anayeweza kusoma na kuchora mchoro anaweza kutengeneza kitu ambacho hajawahi kukiona. Mji wa Reutlingen, nao wa Württemberg, ulipata shule ya ufumaji mwaka 1855.

Kuhusu sheria, alitetea uhuru wa kufanya kazi za ufundi bila vizuizi vya vyama vya mafundi, na uhuru huo ulipatikana Württemberg mwaka 1862. Alitetea pia biashara huria, msimamo uliomweka pabaya Ujerumani ilipogeukia ushuru wa kulinda viwanda mwaka 1879. Mwaka uliofuata aliacha utumishi.